Mashine Namba Mbili na Kura ya Makocha

Jumanne, 6 Agosti 2013

Kwa mamlaka niliyopewa na chuo ambacho mpaka leo hakijui kuandika jina langu la ukoo, na mbele ya mashahidi wawili, ndoo na fagio, natangaza rasmi kwamba mashine ya kukaushia namba mbili imerudi kazini leo saa nne na dakika kumi asubuhi. Ilikuwa mgonjwa tangu mafuriko ya mwezi uliopita, maji yalipoingia humu chini hadi magotini na viatu vya timu nzima vikaelea kama bata. Fundi wa chuo alikuja mara mbili, akatikisa kichwa mara mbili, akaondoka. Mimi nimeifungua kwa bisibisi na subira. Ndani nimekuta soksi tatu, kifungo cha helmeti, na jino. Jino la mbele, la mtu mzima. Nimelitia kwenye kopo la skrubu. Mwenyewe akilitaka anajua nilipo.

Hii ni kazi yangu ya mwaka wa tisa: mtunza vifaa wa timu ya lakrosi ya wanaume. Ndugu zangu Tabora wakiuliza, nawaambia ni mchezo wa fimbo. Fimbo ina kiwavu kichwani, mpira ni wa raba, mgumu kama kokwa, na una ruhusa ya kumchapa mwenzako mikononi, begani na mbavuni, mradi uonekane ulikuwa unautafuta mpira. Shangazi aliwahi kuniuliza kwenye simu, "Na polisi wako wapi?" Nikamwambia wapo, wamevaa mistari, kazi yao kupuliza filimbi.

Maandalizi yameanza leo. Mechi ya kwanza ya ligi ni tarehe 14 Septemba.

Jumatano, 7 Agosti

Majeruhi wa leo: vidole viwili, pua moja. Damu hutolewa kwa maji baridi na chumvi. Ukiifulia maji ya moto unaipika, na ikishaiva haitoki.

Ijumaa, 9 Agosti

Mtihani wa kichwa. Nilofar, tabibu wa timu, amekuja na vitamu vya Idi kwenye kontena, akanipa mimi kwanza. "Shikamoo Bwana Sebastian. Chukua kabla hawa fisi hawajaamka." Anakaa Unionville, pembeni ya jiji hili la ughaibuni, amezaliwa hukohuko, lakini baba yake, mzee Roshanali, alikuwa na duka Singida, na Kiswahili alichomrithisha bintiye ni cha mwaka 1970, kimepigwa pasi, hakina doa.

Mtihani wenyewe uko hivi. Kila mchezaji anakaa mbele ya kompyuta. Anaonyeshwa maneno na maumbo, anatakiwa kuyakumbuka na kubonyeza haraka. Alama zake zinawekwa. Akigongwa kichwa msimu ukiwa unaendelea, anafanya tena. Alama zikishuka, hachezi mpaka zipande. Ni mtihani mzuri. Una tundu moja tu, na vijana wamelipata zamani: aliyefeli Agosti hana pa kushukia Oktoba.

Gift alinifuata chumba cha vifaa kabla ya zamu yake. Huyu ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Clara. Ana miaka ishirini, beki, jezi namba 21. Aliletwa nchi hii ana miaka minne. Kiswahili anakisikia chote, anajibu kwa Kiingereza, isipokuwa neno moja analolitamka vizuri kuliko mimi: Mjomba. Mengine yake humu nitayatafsiri.

"Mjomba, mwaka jana nilifeli sana, kompyuta ikanikataa. Nikarudia mbele ya Nilofar. Mtu anafelije bila kushtukiwa?"

Ameuliza mtu sahihi. Mwaka 1982, kambini Jeshi la Kujenga Taifa, nilipimwa macho na daktari aliyekuwa anatafuta vijana wa kuchimba mtaro. Nilifeli kwa ustadi. Sikusema sioni, maana asiyeona kabisa hupimwa tena. Nilisoma mistari mitatu vizuri, wa nne nikausoma kwa mashaka, wa tano nikaomba radhi. Walinipeleka jikoni. Nilirudi nyumbani nimenenepa.

"Usifeli kama mlevi," nikamwambia. "Feli kama mtu aliyelala vibaya. Mwanzo jibu sawa. Katikati chelewa. Mwisho kosa, halafu kunja uso kama umejikasirikia."

Alicheka, nami nikacheka. Alitoka kwenye mtihani na alama za kijana wa kawaida asiyependa shule. Nilofar hakushtuka. Naandika ukweli: nilijivuna kidogo.

Jumamosi, 10 Agosti

Bonanza la mechi za kirafiki, hapa kwetu. Ligi ina timu saba. Zimekuja tano na sisi wa sita. Ya saba basi lao lilikufa barabarani. Mvua kuanzia saa mbili asubuhi. Kijana mmoja alipigwa fimbo ya kiwiko, mkono ukakaa upande usio wake, na bado alibaki ameukumbatia mpira mpaka wakamvua glavu. Saa nane helmeti zilivuliwa na mikono ikazungumza, kumi na watano kwa wakati mmoja. Filimbi ilipulizwa mpaka ikalowa.

Wakati wa kufunga mizigo, watunza vifaa wa timu zote walinijia na mabegi yanayochuruzika. Jengo zima la michezo, mashine zinazokausha ni mbili, na zote ni zangu. Tukakausha kwa zamu. Wa mwisho alikuwa Médiatrice, mama wa Bukavu mwenye Kiswahili cha kwao, mtunza vifaa wa chuo cha magharibi, mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Alikaa juu ya ndoo, akala mkate wake, akaitazama namba mbili ikizunguka.

"Papa Seba, kwetu iko moja, na haikaushake. Inazungukaka tu juu ya kufurahisha watu."

Glavu jozi thelathini. Namba mbili haikukohoa hata mara moja.

Jumatatu, 12 Agosti

Kila mwaka ligi inawatumia makocha karatasi: wapange timu, ya kwanza hadi ya mwisho, kwa jinsi wanavyotarajia msimu utakavyokuwa. Huruhusiwi kuiweka timu yako. Matokeo yanatangazwa kwa herufi kubwa, watu wanagombana, ligi inaonekana iko hai.

Kocha ameiweka karatasi yake juu ya mashine namba moja.

"Seb, jaza hii. Wewe unawajua kuliko mimi."

Nimejaza. Sina ujuzi wa mbinu, lakini vyumba vya wageni nilivifagia mimi. Wa kwanza nimewaweka watu wa Médiatrice: walikusanya bendeji zao, wakapanga viti. Wa mwisho ni wale walioacha baga iliyoumwa nusu kwenye bomba la kuogea. Timu ya watu wasiojua kuoga na kula ni vitendo viwili itapangaje mabeki?

Nikaweka saini ya Kocha. Naiweza vizuri kuliko yeye.

Jumatano, 14 Agosti

Mbavu. Mvua.

Jumatatu, 19 Agosti

Kura zimetoka. Sisi ni wa kwanza.

Naomba nieleweke. Mwaka jana tulikuwa wa nne. Wafungaji wetu wawili wamehitimu, na kipa wetu huogopa mpira, jambo ambalo kwa kipa ni kasoro. Lakini karatasi inasema kati ya makocha sita waliotupigia, watano wametuweka juu kabisa. Mmoja tu, wa ile timu ambayo basi lake lilikufa, ndiye ametuweka wa tano. Kocha ameichapa karatasi kwa herufi kubwa, akaibandika mlangoni, akawakusanya vijana.

"Ligi nzima imeona kitu ndani yenu," alisema. "Mimi mwenyewe sikukiona. Nilikuwa kipofu. Kuanzia leo, wa kwanza hafanyi mazoezi ya mtu wa nne."

Akabuni kitu anachokiita Korido. Uzio wa chuma upande mmoja, mabenchi upande wa pili, katikati upana wa mlango wa gereji. Mpira unawekwa chini. Vijana wawili, kila mmoja mwisho wake, wanakimbiliana. Anayetoka na mpira anapumzika. Anayetoka bila mpira anaingia tena.

Jumanne, 20 Agosti

Korido. Bega.

Jumatano, 21 Agosti

Korido. Meno mawili. Kopo la skrubu linageuka kuwa kitu kingine.

Ijumaa, 23 Agosti

Korido. Leo nahodha wetu alipigwa fimbo ya shingo, akaanguka akishika koo, akikoroma kama bomba lisilo na maji. Walimsubiri ainuke. Aliinuka, akarudi mwisho wake wa Korido. Wakapiga makofi kwa fimbo juu ya mabenchi, mlio kama mabati kwenye upepo.

Kuna kijana wa kushambulia anayetoka mashambani kaskazini. Ni mpole, anasema asante kila ninapompa taulo. Ana urefu na upana wa friji, kwa hiyo namwita Jokofu. Ndani ya Korido huyu mtoto mpole hubadilika. Alinikuta nafunga wavu wa fimbo yake, akaniambia, "Sipendi lile zoezi, bwana. Lakini nikimhurumia mtu, Kocha ananirudisha." Akasema asante, akaenda kumvunja mtu kidole.

Jumapili, 25 Agosti

Baada ya misa, kwa Clara, mtaa wa Crescent Town. Samaki, ugali, mchicha wa nazi. Clara anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, na ana jicho la watu wa kazi hiyo: anakutazama huku anahesabu dawa zako.

"Huo mkono umekuwaje?" akamuuliza Gift. Ulikuwa wa kijani kuanzia kiwiko.

"Mazoezi, Ma. Sisi ni wa kwanza."

"Wa kwanza kwa nani? Hamjacheza."

"Kura, Ma. Makocha."

"Kaka," akanigeukia, "huko kwenu watu wanapewa nafasi kabla ya mtihani?"

Nikasema ndiyo, ndivyo wanavyofanya. Gift akaeleza, mdomo umejaa, kwamba kwa sababu tumewekwa wa kwanza na timu ya Médiatrice ya pili, na zinakutana siku ya ufunguzi, kuna mtu wa timu ya kulipwa anakuja kutazama. Anatafuta mabeki. Amekwisha uliza habari za namba 21.

"Siku moja tu," Gift alisema. "Nacheza siku hiyo moja, maisha yanabadilika."

Clara akamwongezea samaki. Kwangu akasema, kwa sauti ya chini, "Huyo ndiye niliye naye, kaka. Umtazame."

Nikasema namtazama.

Jumatano, 28 Agosti

Naandika haya mchana, mlango nimeufunga kwa ufunguo.

Asubuhi, Korido. Gift upande wa uzio, Jokofu upande wa pili. Mpira katikati. Gift alifika wa kwanza, akainama kuuchota, na beki akiinama kichwa chake ndicho kinachotangulia. Jokofu alikuja na bega na fimbo kwa pamoja, mikono miwili. Nilisikia milio mitatu. Wa kwanza bega juu ya helmeti. Wa pili helmeti juu ya nguzo ya chuma. Wa tatu sikuujua mpaka nilipomwona Jokofu mwenyewe ameweka mkono mdomoni: ulikuwa ni yeye, alitoa sauti kama mtoto.

Gift alilala chali. Mguu wa kushoto ulikuwa unatetemeka peke yake, kama wa kuku. Sekunde kumi. Kisha akasimama, wote wakashangilia, na Kocha akapaza sauti, "Hiyo! Hiyo ndiyo nafasi ya kwanza!"

Gift akatembea moja kwa moja hadi kwenye benchi la wageni, akakaa. Akagundua. Akarudi, akavua helmeti, akamrukia Jokofu. Mwenzake hakujitetea hata kidogo. Alipigwa ngumi ya jicho, ya pua, ya mdomo, amesimama tu ameshusha mikono, akisema samahani, samahani, huku damu inamwingia kwenye meno. Ilibidi watu wanne wamvute mpwa wangu kando. Kocha aliwaacha muda kabla ya kupuliza filimbi. Nadhani alikuwa anapima moyo wa timu.

Gift aliletwa kwangu anawe. Akatapika kwenye ndoo yangu.

"Mjomba, mechi ni lini?"

"Tarehe kumi na nne."

Akafunga kiatu kimoja. "Mjomba, mechi ni lini?"

Nikamwambia. Akakitazama kiatu cha pili kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Mechi ni lini, Mjomba?"

Ijumaa, 30 Agosti

Nilofar amemrudishia mtihani wa kichwa. Nilikuwepo, nahesabu soksi.

"Ajabu, Bwana Sebastian. Amepata kama alivyopata mwanzoni. Hata amezidi kwa alama mbili."

Amezidi. Kijana hakumbuki siku ya leo ni ipi, na bado amempita yule Gift wa tarehe tisa, kwa sababu yule alikuwa na mwalimu.

"Mwenyewe anasema haumwi. Namba zinasema yuko sawa. Sina cha kumzuilia," alisema Nilofar. "Apumzike siku tano, kisha arudi." Akanitazama. "Wewe unamjua. Unaonaje?"

Soksi zilikuwa arobaini na tatu. Nikasema moja haina mwenzake.

Jumatatu, 2 Septemba

Sikukuu ya wafanyakazi ya huku. Sikwenda popote.

Alhamisi, 5 Septemba

Amerudi Korido. Akiingia kwangu anazima taa. Anavaa kapelo akiwa ndani, ameishusha hadi kwenye nyusi. Nilimpa fimbo yake afunge fundo la juu la wavu, fundo nililomfundisha akiwa na miaka kumi na mbili, analolifunga bila kutazama. Alikaa nalo dakika ishirini. Kisha akaivunja fimbo kwa goti, akaondoka.

Nimemfungia nyingine.

Jumapili, 8 Septemba

Sikwenda misani. Clara akapiga simu.

"Kaka, jana kaweka simu yake kwenye friji. Kaniita Bibi. Namuuliza, ananifokea, ananisukuma kwenye mlango. Gift, anisukume mimi! Niambie. Kuna nini?"

"Amechoka. Wote wamechoka. Msimu ukianza watatulia."

Nilisikia televisheni ya jirani yake.

"Haya. Kama wewe unasema."

Maishani nimesema uongo mwingi, na mwingi wake ulikuwa mzuri, ulimfaa mtu. Huu haukumfaa yeyote ila mimi.

Jumanne, 10 Septemba

Jua, nyuzi thelathini na kitu. Korido. Watu wawili walianguka kwa joto kabla ya kugongana, Kocha akahesabu hiyo kuwa ni sare.

Nilofar alikuwa anamfunga mtu bendeji. Nikamuuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za hewa: mtu akigongwa kichwa mara mbili inakuwaje?

"Inategemea. Pigo la kwanza ubongo unavimba. Ukiachwa, unanywea. Pigo la pili likija kabla haujanywea, hata dogo..." Akakata plasta kwa meno. "Hapo hatupimi tena, Bwana Sebastian. Tunampigia mzazi."

Alhamisi, 12 Septemba

Nilikwenda kwa Nilofar saa tatu asubuhi, kabla hajavua koti. Nilikuwa nimepanga hotuba, ina utangulizi. Nikasema tu: "Alama za Gift za mwanzo ni za uongo. Alifeli makusudi. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Akavua koti, akalitundika. Lilianguka, akaliokota, akalitundika tena.

"Ulimfundisha vipi?"

Nikamweleza yote, mpaka kuhusu macho na mtaro.

"Na ulicheka?"

"Nilicheka."

"Na siku ile nilipokuuliza, ukanihesabia soksi." Hakupandisha sauti. Kiswahili kilichopigwa pasi kikiwa na hasira ni kibaya kuliko matusi. "Wapo wangapi?"

"Wanaofeli makusudi? Sijui. Wengi. Huambizana."

"Toka, Bwana Sebastian. Nina simu za kupiga."

Kufika saa tano habari ilikuwa imezunguka jengo zima: namba 21 hachezi Jumamosi, na timu nzima inapimwa upya. Nilisikia sauti ya Kocha kupitia dari. Kisha nikasikia viatu vya njumu kwenye ngazi, vinashuka haraka, na nikamjua mwenye miguu hiyo, maana vile viatu nilivitengeneza mimi.

Gift alikuwa na fimbo ya beki, ile ndefu, ya chuma. Hakuwa na kapelo. Mboni ya jicho lake moja ilikuwa kubwa kuliko ya lingine.

"Umeniuza."

"Kaa kwanza."

"Siku moja, Mjomba! Siku moja tu nilitaka!"

Aliizungusha kama wanavyofundishwa, kutoka kwenye kiuno. Niliinua mkono wa kulia, na mfupa ukavunjika kabla sijasikia maumivu, tii, kama kijiti cha kiberiti. Nilianguka kati ya mashine mbili. Pigo la pili lilipita juu yangu, likaingia kwenye kioo cha namba mbili. La tatu, la nne, sikuhesabu tena. Alikuwa anaipiga mashine sasa, siyo mimi. Mlango ukang'oka, glavu zikamwagika, kitu ndani kikalia kwa sauti nyembamba, moshi, kikanyamaza. Alikuwa analia na kupiga, analia na kupiga, na mimi nipo chini nimefunika kichwa na nafikiri, Mungu nisamehe, kwamba mkono wake wa juu haukai sawa kwenye fimbo.

Akachoka. Akaketi sakafuni juu ya vioo, fimbo mapajani. Akautazama mkono wangu ulivyokaa. Akauliza kwa upole kabisa, kama mtu aliyeingia sasa hivi:

"Mjomba, mechi ni lini?"

Nilipiga simu ya gari la wagonjwa kwa mkono wa kushoto. Nilisema watu wawili.

Ijumaa, 13 Septemba

Naandika kwa kushoto, kwa hiyo kwa ufupi.

Kichwani mwa Gift kuna damu imevuja, utando mwembamba. Daktari alimwonyesha Clara picha kwenye kompyuta, akamwambia pigo jingine lingetosha. Hawatapasua, wanasubiri ijifyonze. Hatacheza mwaka huu. Labda hatacheza tena.

Clara alinikuta kwenye korido ya hospitali. Nikamwambia yote, naye alinipiga kofi moja, la nguvu za mtu anayeinua wazee. Manesi waligeuka. Kisha akaurekebisha mkanda wa mkono wangu shingoni, maana ulikuwa umefungwa vibaya.

Kati ya wachezaji ishirini na sita, kumi na mmoja alama zao zimefutwa. Hawachezi kesho. Kocha hanisalimii. Nimeambiwa nimalize mwezi.

Jumamosi, 14 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Tumefungwa kumi na saba kwa tatu.

Sisi wa kwanza tulicheza tukiwa watu kumi na watano. Jokofu alilia wakati wa mapumziko, akatoka, akaumiza watu wawili. Kipa alikwepa kumi na mbili kati ya zile kumi na saba. Yule mtu wa timu ya kulipwa alikuja kweli, koti la bluu, akaondoka robo ya pili kuwahi kabla ya foleni ya magari. Karatasi ya kura ilikuwa bado mlangoni. Mtu alikuwa ameiandikia neno moja kwa kalamu nene. Sitalitafsiri.

Clara alipiga simu mchana. "Amekula," alisema. "Ameuliza kama mkono unakuuma."

"Mwambie hapana."

"Kauliza kwa Kiswahili, kaka. Chote. Hadi mwisho."

Nililazimika kugeukia ukuta kidogo, nikajidai natafuta taulo.

Médiatrice alishuka na mabegi yake yakichuruzika, akasimama mlangoni. Aliona mkono wangu, akaona namba mbili, mlango umezibwa kwa boksi na gundi.

"Eh, Papa Seba! Ni nani alifanya hivi?"

"Msimu," nikamwambia. "Weka kwenye namba moja, itachukua muda."

Tukakaa, yeye juu ya ndoo, mimi juu ya kreti. Namba moja ikazunguka. Nikamuuliza kitu ambacho kimenikaa kooni mwezi mzima: kocha wao aliona nini kwetu? Tulikuwa wa nne. Alituonea wapi ubingwa?

"Kocha?" Akacheka mpaka akashika goti. "Kocha hajuage hata rangi ya jezi yenu. Ile karatasi nilijaza miye. Na ya wale wengine, ni bale benzangu, tulikuwa wote hapa ile siku ya mvua. Tulipigiana simu."

"Watano?"

"Watano. Sasa wewe, yenu ni nani alijaza?"

Nikauliza tu kwa nini walituweka wa kwanza.

Akaitazama namba mbili kwa huzuni ya kweli.

"Sababu mashini yenu ilikuwa inakausha."